Maswali ya Wasomaji: Joto limepanda, wadudu nao hawakulala

Barua za safari hii zimetoka kandokando ya ziwa, kutoka Magu hadi Ukerewe, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: hawa wadudu wamezoea, wamebadilika, au wameongezeka tu? Tumezifupisha na kuzipanga kwa jinsi zinavyoshikana, si kwa siku zilipofika. Anayesoma jibu la kwanza vizuri atakuta mengine yanamwendea haraka.

SWALI: Nalima mahindi ekari tatu. Kiwavijeshi vamizi ananimaliza. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikipiga dawa asubuhi, kesho yake nawakuta wamekufa. Sasa nawakuta wanatembea. Muuza pembejeo ananiambia viwavi wamezoea joto, kwa hiyo niongeze kipimo mara mbili. Ni kweli? (Mkulima, Magu)

JIBU: Usiongeze kipimo. Muuzaji ameshika nusu ya ukweli: joto limo kwenye kesi hii, ila si kwa njia anayoisema.

Kiwavijeshi vamizi aliingia Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa ameshafika Tanzania. Hakuja mikono mitupu. Kwao Amerika alikuwa amepigwa viuatilifu kwa miongo mingi, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba baadhi ya viwavi walioko Afrika wanabeba mabadiliko ya jeni yanayowakinga na viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti na kabameti. Sehemu ya usugu unaouona, basi, haikuzaliwa Magu.

Joto linaingia kwenye hesabu ya vizazi. Mdudu huyu hakui joto likishuka chini ya nyuzi 12.6 hivi, na kutoka yai hadi nondo anahitaji kukusanya takriban nyuzi 392 za ziada, siku baada ya siku. Hesabu unaweza kuipiga mwenyewe: chukua wastani wa joto la siku, toa 12.6, kisha gawanya 392 kwa jibu ulilopata. Wastani ukiwa nyuzi 23, kama ilivyozoeleka Mwanza, ni siku 38. Ukiwa 25, ni siku 32. Ongeza siku nne hivi za nondo jike kujiandaa kutaga, mzunguko mzima unakuwa siku 42 au 36. Kwa mwaka ni karibu vizazi tisa upande mmoja na kumi upande wa pili, mradi chakula kipo muda wote. Kando ya ziwa kipo, maana mvua ikikatika watu huhamia mabondeni kulima mahindi ya kuchoma.

Kizazi kimoja na ushee si kingi ukikitazama peke yake. Ila jike mmoja anaweza kutaga mayai 1,500 na zaidi, na kila kizazi kinachopita chini ya dawa ile ile ni mchujo. Katika maelfu ya viwavi wa shamba lako, wachache wamezaliwa na vimeng'enya vinavyovunja sumu haraka kuliko wenzao. Ukipiga, wanabaki wao, wanapandana wao kwa wao, watoto wanarithi. Hakuna kiwavi mmoja aliyekaa akazoea. Wale wasioweza wamekufa, na waliobaki ndio unaowaona wakitembea. Kipimo maradufu kinafanya mchujo ule ule kuwa mkali zaidi, na kinaua nyigu wadogo na buibui waliokuwa wakikusaidia bure.

Kabla ya kulaumu usugu, hakikisha kwanza, kwa sababu mara nyingi kosa liko kwenye upigaji. Kiwavi aliyefikisha sentimita moja na nusu hukaa ndani kabisa ya moyo wa mhindi, juu yake amejiziba kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao. Dawa inaishia juu ya kizibo hicho. Mwenzake mdogo, wa milimita chache, bado yuko juu ya jani akikwangua na kuacha vidirisha vyeupe, huyo anafikika.

Jaribio la nyumbani liko hivi. Kusanya viwavi 40 walio chini ya sentimita moja. Andaa vikombe vidogo 40, kila kiwavi na chake, kwa kuwa wakikaa pamoja wanalana na hesabu inaharibika. Changanya dawa kwa kipimo cha kwenye lebo, chovya vipande vya majani mabichi ya mhindi kwa sekunde kumi, viache vikauke kivulini. Vipande 20 vya dawa, vipande 20 vilivyochovywa maji matupu. Funika kwa kitambaa, weka mahali pasipo jua, hesabu baada ya saa 72. Usihesabu mapema, maana dawa nyingine hufanya kazi kiwavi akishakula. Wa maji wakiwa wazima na wa dawa wamekufa karibu wote, dawa ni nzima na tatizo ni bomba lako au saa unayopigia. Nusu ya wa dawa wakiwa hai, achana na kundi hilo la dawa. Wa maji nao wakifa, rudia. Labda majani yalikuwa na dawa tangu shambani. Vaa glovu, na vikombe hivyo visirudi jikoni.

Katika kubadilisha dawa, jina la kibiashara lisikudanganye. Tafuta kwenye lebo kiambato hai, yaani kemikali yenyewe inayoua, na namba ya kundi lake, inayoonyesha namna inavyoua. Pairethroidi zote ni kundi 3A, hata ukizinunua kwa majina sita. Emamektini benzoeti ni 6, spinetoramu ni 5, indoksakabu ni 22A, klorantraniliproli ni 28. Tumia kundi moja kwa muda wa kizazi kimoja, tuseme wiki tano hadi sita, kisha hamia lingine, ili watoto wa walionusurika wakutane na sumu ambayo wazazi wao hawakuchujwa nayo. Dawa ya mchanganyiko inahesabika kuwa imetumia makundi yote yaliyomo. Ingefaa majirani mkubaliane, kwani nondo huyu anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja na haulizi mipaka ya shamba.

Na usipige kila wiki kwa mazoea. Tembea shambani kwa umbo la herufi W, simama mara tano, kagua mimea 20 kila kituo. Mahindi yakiwa bado machanga, piga ukikuta mimea 20 kwa 100 ina vidirisha au kinyesi kibichi. Yakishakuwa makubwa lakini mbelewele haijatoka, subiri ifike 40. Mbelewele ikitoka, weka bomba chini. Piga alfajiri au jioni, ncha ya bomba ielekee ndani ya moyo wa mhindi. Ukiwa na eneo dogo, chukua mchanga mkavu au majivu kidogo kwa ncha za vidole, utie kwenye moyo wa kila mmea ulioshambuliwa. Inachosha mgongo, lakini hakuna kiwavi atakayejenga usugu dhidi ya mchanga.

SWALI: Nafundisha baiolojia. Wanafunzi wanauliza: mdudu akikutana na joto akawa mdogo au akabadili tabia, hayo ndiyo mageuko? Na je, kuna ushahidi kwamba tabianchi imebadilisha vinasaba vya mdudu yeyote? Naomba na jaribio lisilo na gharama. (Mwalimu, Nyegezi)

JIBU: Mambo mawili yanachanganywa hapa. Mdudu mmoja anaweza kujirekebisha ndani ya maisha yake: anakimbilia kivuli, anatafuta chakula usiku, mwili unatengeneza protini za kukinga chembehai zake na joto. Hilo haliachi alama kwenye jeni zake. Mageuko ni pale uwiano wa jeni katika kundi zima unapohama kutoka kizazi hadi kizazi. Ili kutofautisha, chukua wadudu wa sehemu mbili, wazalishe mahali pamoja kwa vizazi viwili, chakula kile kile, joto lile lile. Tofauti ikibaki, imo kwenye vinasaba. Ikiyeyuka, yalikuwa mazingira.

Kwa njia hiyo ushahidi ulipatikana. Marekani kuna mbu mdogo, Wyeomyia smithii, ambaye viluwiluwi wake hukulia ndani ya maji yanayokusanyika kwenye majani ya mmea unaokula wadudu. Hupumzika majira ya baridi, na saa ya kupumzika anaisoma kwenye urefu wa mchana. William Bradshaw na Christina Holzapfel walilinganisha vipimo vya mwaka 1972 na vya 1996 katika maabara yenye mwanga unaodhibitiwa, wakakuta mbu wa kaskazini wanaingia mapumzikoni siku 9 hivi baadaye kuliko zamani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2001, na badiliko lilikuwa la kurithi. Uholanzi nako, yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa mawili, Adalia bipunctata, ana ndugu zake weusi ambao hupata joto haraka juani. Kati ya 1980 na 2004 weusi walipungua sana. Weusi ulikuwa faida enzi za baridi, faida hiyo ikapungua.

Waambie wanafunzi pia kwamba mfano wa mbu yule haupandikiziki Mwanza moja kwa moja. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Siku ndefu na siku fupi ya mwaka zinapishana kwa dakika 17 hivi. Mdudu wa hapa hawezi kutegemea kalenda hiyo. Anasoma mvua, unyevu, nyasi mpya, mwezi. Na kwa sababu hajawahi kupambana na baridi kali, wadudu wengi wa ukanda wetu tayari wanaishi karibu na kilele cha joto wanaloweza kuvumilia. Nyuzi mbili za joto la ziada kwa mdudu wa Ulaya mara nyingi ni nafuu. Kwa wa kwetu zinaweza kuwa ukuta.

Jaribio: tumia vile vinzi vidogo vyenye macho mekundu vinavyozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ponda ndizi mbili na chembe za hamira, gawa sawasawa kwenye chupa mbili safi za mdomo mpana, tia kipande cha karatasi kinyonye maji. Weka kila chupa majike 10 na madume 10 (dume ana ncha nyeusi ya tumbo), funga kwa kitambaa, waondoe wazazi wote baada ya siku mbili. Hapo ndipo majaribio mengi ya shule huharibikia: wazazi wakiachwa, mabuu wanasongamana, na msongamano nao unazaa vinzi vidogo, kwa hiyo hutajua ni joto au ni njaa. Chupa moja iweke ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowa, ipate nyuzi 21 au 22. Nyingine iweke mahali pa nyuzi 27 au 28. Usiipeleke chini ya bati. Ikipita 30 madume huanza kuwa tasa, na mchana wa jua kali wote watakufa. Pima joto asubuhi, mchana na jioni.

Wa joto wataanza kutoka kwenye siku ya tisa au ya kumi, wa baridi siku kadhaa baadaye. Chukua majike 15 kila upande, pima urefu wa bawa kwenye hadubini juu ya rula angavu. Wa baridi watakuwa wakubwa. Kisha zalisha watoto wa pande zote mbili kwenye chumba kimoja: mabawa yatalingana. Wanafunzi watakuwa wameona kujirekebisha kwa macho yao, na wataelewa kwa nini kipimo cha kizazi kimoja hakitoshi kudai mageuko. Siafu na ukungu ndio maadui wakubwa wa zoezi hili; simamisha chupa ndani ya sahani ya maji, na ndizi ikianza kuota manyoya, anza upya.

SWALI: Nyumba yetu iko mita chache kutoka ziwani. Mbu wanatuuma tukiwa bado nje saa mbili usiku, na watoto wanaugua malaria ingawa wanalala ndani ya chandarua. Mbu wamejua ujanja wa chandarua? (Mama wa watoto watatu, Kayenze)

JIBU: Pole, mama. Mbu hana akili ya kujua ujanja, ila mchujo tuliousema kwa kiwavi unamhusu hata yeye, na kwa zaidi ya miaka ishirini umefanywa na vyandarua vyenyewe. Vingi vilikuwa na pairethroidi peke yake, lile kundi 3A tulilolitaja kwenye mahindi. Wengi waliosalia wana vimeng'enya vinavyoivunja, au wana badiliko kwenye neva linaloifanya sumu isishike. Magharibi mwa Kenya, ng'ambo ya ziwa hili hili, vyandarua vilipoenea Anopheles gambiae anayependa kuuma watu ndani alipungua, na nafasi yake ikawa kubwa kwa Anopheles arabiensis, ambaye hukubali pia damu ya ng'ombe na kuuma nje. Kwenu Kanda ya Ziwa mwenye zamu kubwa ni Anopheles funestus. Yeye anapenda maji ya kudumu yenye majani yaliyosimama, kama matete ya pembeni mwa ziwa na mashamba ya mpunga. Ziwa lilipopanda hadi kuvunja rekodi mwaka 2020, lilisogeza makazi hayo hadi milangoni mwa watu.

Joto lina kazi mbili hapa. Kwanza linaharakisha kimelea cha malaria ndani ya mbu. Kanuni ya zamani inayotumiwa na watafiti ni 111 gawanya kwa joto ukishatoa 16. Kwenye nyuzi 23 kimelea kinahitaji siku 16 kukomaa; kwenye 25, siku 12. Sasa tuchukulie kati ya mbu 100, kila siku wanasalia 85 kwa 100. Baada ya siku 16 wamebaki 7. Baada ya siku 12 wapo 14. Mbu hawajaongezeka hata mmoja, lakini wenye uwezo wa kuambukiza wamekuwa maradufu. Habari njema kidogo ni kwamba mambo hayapandi bila kikomo: maambukizi hufikia kilele karibu na nyuzi 25 kisha hushuka, kwa kuwa mbu mwenyewe anakufa mapema. Bahati mbaya Mwanza bado iko upande wa kupanda.

Pili, joto na ukavu vinachagua mbu. Anopheles gambiae ana kipande cha kromosomu ambacho kwa baadhi yao kimegeuzwa kichwa chini miguu juu. Wenye umbo hilo hustahimili ukavu zaidi, na kadiri unavyokwenda sehemu kavu ndivyo unavyowakuta wengi. Tofauti ilikuwepo tangu zamani ndani ya kundi. Tabianchi inaipandisha tu daraja.

La kufanya: angalia lebo iliyoshonwa kwenye chandarua chako. Kama ina pairethroidi pekee, uliza zahanati kuhusu chenye pairethroidi pamoja na klofenapiri. Hiki kilijaribiwa Misungwi, jirani zenu kabisa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha watoto walipata malaria pungufu kwa asilimia 44 katika miaka miwili, wakilinganishwa na wa chandarua cha kawaida. Uzuri wake ni huu: klofenapiri inaingia mwilini mwa mbu ikiwa haijakamilika, na vimeng'enya vyake ndivyo vinavyoikamilisha kuwa sumu. Vile vile alivyovitumia mbu kujiokoa na pairethroidi vinamgeuka.

Kipya kianike kivulini siku moja kabla ya kukitumia. Fua kwa sabuni ya kawaida, isiwe na dawa ya kung'arisha, si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu, na ukianike kivulini. Jua linaua kiuatilifu. Ziba tundu siku ile ile unapoliona. Kuhusu saa mbili usiku mkiwa nje, chandarua hakiwezi kukufuata mezani: vaeni nguo ndefu, pakeni dawa ya kufukuza mbu, na madirisha yawekwe wavu. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo.

SWALI: Naanika dagaa. Wale wadudu wa ziwani wanaotoka kama moshi wananiharibia mzigo. Joto likizidi watatoweka? Na kwa nini wanafuata mwezi? (Mchakataji, Igombe)

JIBU: Usitegemee watoweke, dada. Wengi wao ni wa makundi mawili. Kuna Chaoborus, ambaye kiluwiluwi wake ni angavu kiasi kwamba ukimtia kwenye glasi unaona mifuko yake minne midogo ya hewa kabla hujamwona yeye. Na kuna wale ambao mabuu yao ni mekundu kama uzi, wanaoishi kwenye tope. Wekundu huo ni hemoglobini, inayowawezesha kuishi palipo na oksijeni kidogo. Chaoborus naye mchana hushuka chini kwenye tope na maji yenye oksijeni haba, samaki wasikopenda kwenda, kisha usiku hupanda kula. Sasa, maji ya juu yakipata joto yanakaa juu kama kifuniko, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na oksijeni ya chini inapungua zaidi. Tabia ambazo wadudu hawa walikuwa nazo tangu zamani zinawapa nafuu kuliko samaki wanaowala.

Mwezi unawapa ahadi ya kukutana. Mdudu anayeishi siku chache tu akiwa na mabawa hana muda wa kumtafuta mwenzi, hivyo wote hutoka pamoja, na Chaoborus wa ziwa hili hutoka kwa wingi mwezi unapoandama. Kuna mwingine, Povilla adusta, ambaye mabuu yake hutoboa mbao zilizozama, mitumbwi ikiwemo. Huyo hutoka siku chache baada ya mwezi mpevu. Joto linaweza kuharakisha ukuaji, lakini haliharakishi mwezi. Mdudu aliyekomaa siku kumi kabla ya wakati hawezi kutoka siku kumi mapema. Atasubiri mwandamo, au kundi zima litaruka mwandamo mmoja nyuma. Kwa hiyo ukiona msimu wao umehama, tazamia uhame kwa mwezi mzima.

Kwa kazi yako, kalenda ya mwezi ni chombo muhimu kama chanja. Siku tatu kabla na siku tatu baada ya mwandamo, funika mzigo kwa wavu mwembamba kabla ya magharibi. Zima taa nyeupe karibu na chanja, tumia ya manjano, na weka taa moja kali nyeupe mita 30 hivi upande wa chini wa upepo, na beseni la maji chini yake. Asubuhi usifagie mizoga mikavu. Nyunyiza maji kwanza, vaa barakoa. Vumbi la wale wenye mabuu mekundu lina protini inayosababisha mafua ya mzio na pumu kwa baadhi ya watu.

SWALI: Mahindi yangu ya stoo yanaoza na kutobolewa hata kabla ya Krismasi, vidonge vya kufukiza havisaidii tena. (Mama wa nyumbani, Buhongwa)

JIBU: Acha vidonge hivyo. Gesi yake inaua watu waliolala chumba cha pili, na ukifukiza kwenye gunia linalovuja unawapa wadudu dozi nusu, ambayo ndiyo shule bora ya usugu. Anza na unyevu. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, jaza mahindi hadi theluthi, funga, tikisa dakika tatu, acha itulie dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi hayajakauka, rudi juani. Yakikauka, tumia mfuko usiopitisha hewa wenye plastiki mbili ndani ya kiroba: jaza huku ukishindilia, funga kila plastiki peke yake kwa kusokota na kukunja, usifungue kwa mwezi wa kwanza. Wadudu wenyewe wanamaliza oksijeni. Pepeta kwanza vipande vya magunzi, vinatoboa plastiki, na ujue kwamba dumuzi anaweza kuitoboa akiwa ndani.

Tuongeze jambo moja kwa wapenda sayansi. Mende mwekundu wa unga, Tribolium castaneum, aliwekwa na watafiti Uingereza kwenye nyuzi 42 kwa siku tano, matokeo yakachapishwa 2018. Alisalimika, lakini uzazi wa madume ulishuka hadi nusu. Mdudu anaweza kuonekana mzima kabisa huku kizazi chake kimeshaguswa.

SWALI: Mbung'o nao watazoea? (Mfugaji, Sengerema)

JIBU: Huyu ana kazi ngumu, mzee. Mbung'o jike hazai mayai. Huzaa buu mmoja kwa wakati, kila siku tisa au kumi, na maisha yake yote huzaa wachache, pengine wanane. Mchujo unahitaji wingi, na yeye hana. Kwenye bonde la Zambezi, Zimbabwe, walinaswa zaidi ya 50 kwa kila ng'ombe kwa alasiri moja mwaka 1990. Kufikia 2017 hata mmoja ilikuwa shida, na joto lililopanda ndilo linaloelezea sehemu kubwa. Usishangilie mapema: maeneo ya juu yaliyokuwa na baridi mno kwake yanaweza kuanza kumfaa. Endelea kuogesha mifugo, ukielekeza dawa zaidi miguuni na tumboni, anakopenda kutua.

SWALI: Nyuki wangu wanahama mizinga kila kiangazi. (Mfugaji nyuki, Ukerewe)

JIBU: Wana wao wanahitaji nyuzi 34 hadi 35, na zikizidi hapo kwa muda wanaanza kufa. Nyuki hupoza mzinga kwa kupepea na kuleta maji, wakishindwa, wanaondoka. Malkia hupandwa na madume kumi na zaidi, kwa hiyo ndani ya mzinga mmoja kuna koo nyingi, na kila ukoo huanza kupepea kwenye joto lake. Ndiyo maana joto halipandi na kushuka ghafla. Ukizalisha makundi yako yote kutoka mzinga mmoja mpole, unapoteza utofauti huo. Chukua kutoka mizinga mingi iwezekanavyo. Weka mizinga chini ya mti wenye kivuli cha saa sita hadi saa kumi, paa liwe la makuti au nyasi juu ya bati, na maji yawe ndani ya mita 100, kwenye beseni lenye mawe ya kutua wasizame. Usivune masega yote mwishoni mwa masika. Acha angalau theluthi.